Uhakiki wa Istilahi za Kuta za Kukinga Kelele

Utangulizi

Tuliletewa tafsiri ya mwongozo unaohusu ujenzi wa kuta zinazosimamishwa kando ya barabara kuu ili kuwapunguzia kelele wakazi, wanafunzi na wagonjwa walio jirani. Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri ni mtu hodari, mwenye Kiswahili safi, na maandishi yake husomeka bila kukwaza. Tuliombwa kazi ndogo tu: tuitazame sura inayoeleza sehemu ya juu ya ukuta, tuzikubali au tuzikatae istilahi zake, kisha tuirudishe. Tulidhani kazi hiyo ingekwisha kwa siku moja. Haikwisha, na makala haya yana nia ya kueleza kwa nini.

Tafsiri hiyo ilikusudiwa kutumika mahali pawili. Kwanza, isomwe na wasimamizi wa ujenzi, ambao watalipima neno kwa kamba na kwa kilo za saruji. Pili, kurasa zake chache zisomwe mbele ya mkutano wa wakazi, ambao watalipima neno hilo hilo kwa usingizi wao. Kwa hiyo istilahi isiyo sahihi humo si aibu ya mfasiri peke yake. Ikipotoka kwa msimamizi, fedha za umma zitajenga kitu kisichotakiwa. Ikipotoka kwa mkazi, serikali itaonekana imeahidi jambo ambalo haikuahidi.

Ili tusitawanye mawazo, tumechagua sentensi moja tu, ambayo ndiyo moyo wa sura nzima. Inasema hivi: "Kizuizi cha urefu wa mita 3 chenye kilele laini cha umbo la T huzuia mpindo na kuleta hasara ya kupachika ya desibeli 3." Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, maneno sita katika sentensi hiyo yanaweza kumpoteza msomaji, na kila moja humpotezea njia yake. Tutayachukua moja moja, lakini kwanza hatuna budi kulieleza jambo lenyewe, maana istilahi haihakikiwi na mtu asiyejua kinachotajwa.

Jambo lenyewe

Ukuta ulio mzito na usio na ufa hauruhusu sauti nyingi kupenya katikati yake. Uzito wa kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba hutosha kwa kazi za kawaida za barabarani. Sauti inayomfikia mtu aliye nyuma ya ukuta huo, basi, kwa sehemu kubwa haikupita ndani ya ukuta. Imepita juu yake. Ilipofika ukingoni, sehemu ya wimbi iliendelea na safari angani, na sehemu ikageuka na kushuka upande wa pili, mahali ambapo macho hayaoni gari. Mtu aliyesimama pwani nyuma ya rasi amekwisha kuliona jambo hili: maji ya nyuma ya rasi ni matulivu kuliko ya bahari kuu, lakini si matulivu kabisa, kwa sababu wimbi hulizunguka jabali na kutawanyika ndani.

Kiasi cha sauti kinachoshuka hutegemea mambo mawili. La kwanza ni tofauti ya njia, yaani umbali ambao sauti imeongezewa kwa kulazimika kupanda hadi ukingoni na kushuka, badala ya kwenda moja kwa moja. La pili ni urefu wa wimbi. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kijapani, Maekawa, alichapisha mchoro unaoyafunga mambo hayo mawili pamoja, na wahandisi wameutumia tangu wakati huo. Tuuonyeshe kwa hesabu ya kukadiria. Chukua gari ambalo sauti yake hutoka nusu mita juu ya ardhi, mita 10 kutoka ukutani; chukua msikilizaji ambaye sikio lake li mita 1.5 juu ya ardhi, mita 20 nyuma ya ukuta; na ukuta uwe na mita 3 kwenda juu. Tofauti ya njia ni sentimita 35 hivi. Kwa sauti ya mitetemo 500 kwa sekunde, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 68, ukuta huo hupunguza desibeli 14 hivi. Kwa sauti nzito ya mitetemo 100, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 3.4, hupunguza desibeli 8 au 9 tu. Ndiyo maana nyuma ya ukuta mngurumo wa lori husikika wakati mlio wa matairi umekwisha kufifia. Ukuta huo ukiongezwa mita moja nzima kwenda juu, sauti ya mitetemo 500 itapungua kwa desibeli 3 zaidi.

Kuongeza kimo kuna gharama: msingi lazima uwe mkubwa zaidi, upepo husukuma kwa nguvu zaidi, na mkazi hunyimwa jua na mandhari. Kwa sababu hiyo wataalamu waliuliza swali jingine: je, badala ya kuuinua ukuta, haiwezekani kuubadilisha ukingo wake? Mwaka 1980 May na Osman nchini Kanada walichapisha matokeo ya majaribio ya maumbo mbalimbali, na umbo la herufi T likajitokeza kuwa miongoni mwa yaliyo bora. Katika miaka ya 1990 Watts, Crombie na Hothersall nchini Uingereza walijaribu kuta halisi zenye kimo cha mita 2, nyingine zikiwa na kichwa cha T, nyingine zikiwa na kingo kadhaa. Faida waliyoipata, ikilinganishwa na ukuta mnyoofu wa kimo hicho hicho, ilikuwa ya desibeli chache tu. Ni faida ya kweli lakini si muujiza, na tafsiri haina ruhusa ya kuifanya muujiza.

Kizuizi

Neno la kwanza la sentensi yetu ni kizuizi. Kosa hili si la mfasiri peke yake, kwani alilitoa katika orodha ya zamani iliyotoka mezani kwetu wenyewe, nasi tunalikiri. Kwa mwananchi wa leo kizuizi kilicho barabarani ni pale polisi wanaposimamisha magari, au pale mazao yanapokaguliwa. Sentensi isemayo "Serikali itaweka vizuizi kandokando ya barabara kuu" itaeleweka na kila dereva, nayo itaeleweka vibaya. Aidha kitenzi zuia kina maana ya kukomesha, na kelele hazikomeshwi na ukuta. Ukuta huzipunguza.

Tumeletewa pendekezo la kiwambo. Ni neno zuri la asili, lakini linataja kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma au kitambaa kinachotenga chumba. Wepesi ndio sifa yake, na wepesi ndio usiofaa hapa: ukuta mwepesi hupitisha sauti katikati yake, na habari yote ya ukingo inakuwa bure. Msimamizi akiambiwa ajenge kiwambo, asilaumiwe akileta turubai.

Sisi tunaona kwamba kitenzi cha kufaa ni kinga. Mwavuli hukinga mvua, na anayejikinga kwa mwavuli hashangai akilowa miguu. Yaani ndani ya kitenzi hiki mna wazo la kuhifadhi bila ahadi ya kukomesha. Kwa hiyo tunapendekeza ukuta wa kukinga kelele. Tunasema kelele, si sauti, kwa sababu sauti ni jina la jambo lenyewe katika fizikia, na pia ni jina la anachotoa mwimbaji na mhubiri. Kelele ni sauti isiyotakiwa. Mwongozo unaposema jinsi mawimbi yanavyokwenda, na useme sauti. Unaposema kinachowasumbua watu, na useme kelele.

Urefu na kilele

Neno la pili ni urefu. Hapa lugha yetu ina mtego ambao tumeuzoea hata hatuuoni tena. Mti ni mrefu, na barabara nayo ni ndefu. Mmoja umekwenda juu, nyingine imelala. Katika mazungumzo hakuna hatari, kwa sababu kila mtu anajua jinsi mti na barabara zinavyokaa. Lakini ukuta una vyote viwili. Katika ukurasa mmoja wa tafsiri hii tumeona "urefu wa mita 3" na "urefu wa mita 200", na mistari michache baadaye "urefu uongezwe kwa mita moja". Ni upi uongezwe? Atakayeongeza mita moja mwishoni mwa ukuta wa mita 200 hatakuwa amemsaidia mtu yeyote, ila ataweza kuonyesha karatasi na kudai malipo yake.

Dawa ipo na ni ya zamani: kimo. Tunapendekeza kwamba katika maandishi yote ya ujenzi kimo kiwe ni kipimo cha kutoka chini kwenda juu, urefu kiwe ni kipimo cha kulala, upana uwe ni wa kichwa cha ukuta kutoka upande wa barabara hadi upande wa nyumba, na unene uwe ni wa ukuta wenyewe. Wako watakaosema kwamba kimo ni cha mtu. Tunawajibu kwamba mafundi wamekuwa wakipima ukuta kwa kimo cha mtu tangu zamani, na neno halikulalamika.

Neno la tatu, kilele, lina kosa la namna nyingine. Kilele ni ncha: mlima una kilele, mnazi una kilele. Ukuta hauna ncha; una mstari unaokwenda kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, na mstari huo unaitwa ukingo. Si suala la urembo. Jambo lote tulilolieleza hutokea ukingoni, na ubora wa kichwa cha T unatokana hasa na kuwa na kingo mbili badala ya moja. Sauti hufika ukingo wa upande wa barabara ikalazimika kugeuka, ikapita juu ya ubapa, kisha ikafika ukingo wa upande wa nyumba ikalazimika kugeuka tena. Kanuni ya kimataifa ya kukadiria kelele za nje, katika toleo lake la mwaka 1996, imeutambua ukweli huu kwa kuweka mipaka miwili: desibeli 20 mahali penye ukingo mmoja, na desibeli 25 mahali penye kingo mbili. Mfasiri akiandika kilele atashindwa kuihesabu tofauti hiyo, kwa kuwa kilele hakihesabiki hivyo.

Tunahitaji, basi, maneno mawili: ukingo kwa ule mstari, na kichwa cha ukuta kwa kile kinachoongezwa juu, kiwe cha T, cha Y, cha mshale au cha mviringo. Majina ya herufi yaachwe yalivyo, kwani T na Y ni herufi zetu pia, na kila aliyepita darasa la kwanza anazijua.

Mpindo mmoja, mambo mawili

Neno la nne ndilo lililotuchelewesha kuliko yote. Mfasiri ametumia mpindo kwa kule kugeuka kwa sauti ukingoni. Lingekuwa neno la kuvumilika, kama asingelitumia tena kurasa mbili mbele kwa jambo jingine. Upepo unapovuma kutoka barabarani kwenda nyumbani, au hewa ya karibu na ardhi inapokuwa baridi kuliko ya juu yake, kama inavyotokea usiku wenye anga safi, njia ya sauti hupindika polepole angani na kurudi chini. Sauti hiyo yaweza kuuruka ukuta na kumwangukia mkazi, na sehemu ya faida ya ukuta hupotea. Huku nako ni kupinda, lakini kunatokana na mwendo wa sauti kutofautiana kutoka tabaka moja la hewa hadi jingine, wala hakuhusiani na ukingo.

Tazama basi yaliyotokea katika tafsiri. Ukurasa mmoja unasema kwamba umbo la T huzuia mpindo. Ukurasa mwingine unasema kwamba mpindo huongezeka usiku. Msomaji makini ataunganisha habari hizo mbili na kuhitimisha kwamba kichwa cha T ni tiba ya kelele za usiku zinazoletwa na upepo. Mwongozo haukusema hivyo hata kidogo.

Inafaa tukumbuke kwamba wenzetu wa Ulaya nao hawakuzaliwa na istilahi hii. Padre Grimaldi wa Bologna, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake, aligundua kwamba nuru hupenya kidogo ndani ya kivuli cha kitu chembamba. Mbele yake zilikuwepo njia tatu zilizojulikana za mwendo wa nuru: kwenda moja kwa moja, kupindika inapoingia kitu kingine, na kuakisiwa. Angeweza kulazimisha ugunduzi wake uingie katika mojawapo ya hizo tatu. Badala yake alisema kwamba hii ni njia ya nne, akaiundia jina kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvunja vipande. Jina hilo si kamili, maana hakuna kinachovunjika. Lakini lilitimiza kazi iliyo kubwa kuliko ukamilifu, nayo ni kutenga.

Nasi tutenge. Mpindo ubaki kwa ile njia ya angani. Kwa njia ya ukingoni tumeyapima mapendekezo matatu. La kwanza, mchepuko, lina maana nzuri ya kuacha njia. Lakini wajenzi wa barabara wamekwisha kulitumia kwa njia ya muda, na mitaani limeshika maana nyingine ambayo mkutano wa wakazi ungeipokea kwa vicheko. La pili ni difraksheni, neno la kutohoa. Halina kosa la maana kwa sababu kwa wengi halina maana yoyote. Linawafaa wahandisi wanaoandikiana na wenzao wa nje. La tatu ni uambaaji, kutokana na kuambaa. Chombo kinachoambaa hupita kandokando ya nchi kavu, kikiufuata ukingo wake, na mwambao umepata jina lake hapo.

Wako waliotupinga kwa hoja yenye uzito: kuambaa hueleza kupita karibu na ukingo, hakuelezi kushuka nyuma yake. Hoja hiyo tunaikubali nusu. Istilahi si maelezo. Ni kipini cha kushikia maelezo. Jina la Grimaldi halielezi kushuka wala kuambaa, na halijamzuia mtu kujifunza. Neno letu likipewa fasili yake mara moja mwanzoni mwa maandishi, litabeba mzigo huo. Tunapendekeza uambaaji kwa maandishi ya jumla na ya shule, na difraksheni iruhusiwe kando yake katika maandishi ya wahandisi.

Kuzuia kote kote, na neno laini

Katika sura nzima kitenzi zuia kimetumika mara nyingi, kikibeba mambo manne yaliyo mbalimbali. Ukuta kutopitisha sauti katikati yake ni kuhami, na shule zetu zimekwisha kulizoea neno kihami katika somo la umeme. Ukuta kuimeza sauti inayoupiga isirudi upande wa pili wa barabara ni kufyonza. Kuirudisha ni kuakisi. Kuifanya ishuke kwa uchache nyuma ya ukingo ni kupunguza uambaaji. Kanuni za Ulaya kuhusu vyombo hivi zimeyatenga mambo haya hata kwa namba: ufyonzaji umepewa sehemu ya kwanza, uhami sehemu ya pili, na vifaa vinavyoongezwa kichwani kwa ajili ya uambaaji sehemu ya nne. Mtu anayenunua kitu kilichopimwa kwa sehemu ya kwanza, akidhani amenunua cha sehemu ya nne, amepotea. Na kwa neno zuia atapotea huku akijiona yuko njiani.

Sasa tumefika kwenye neno laini, la tano, ambalo kwa kweli lilituogofya. Mwongozo wa Kiingereza una sifa moja ambayo katika maisha ya kila siku ni ya godoro na mkate. Mfasiri akaandika laini. Taabu ya kwanza ni ya Kiswahili: sakafu laini ni ile iliyopigwa ikasawazika, isiyokwaruza, kitambaa laini ni kile kinachobonyea. Msimamizi mmoja atasawazisha kichwa cha ukuta kwa mwiko mpaka king'ae, na mwingine ataweka sifongo. Wote wawili watakuwa wametii sentensi.

Taabu ya pili ni kubwa zaidi: hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya kilichotakiwa. Katika elimu ya sauti sifa hiyo ina maana yake ya pekee. Inataja uso ambao kanieneo ya wimbi la sauti juu yake ni sifuri, au inakaribia sifuri. Uso wa namna hiyo haupatikani kwa kitu cha kubonyea. Njia mojawapo ni kupanga mirija iliyo wazi juu na kuzibwa chini, ambayo kina chake ni robo ya urefu wa wimbi. Kwa mitetemo 500 kwa sekunde ni sentimita 17. Mirija yenyewe yaweza kuwa ya chuma kigumu. Wajapani wameifanyia kazi sana habari hii, na mwaka 2004 Ishizuka na Fujiwara walionyesha kwa hesabu kwamba hali ya uso wa kichwa huleta faida kubwa kuliko kubadilisha umbo peke yake. Hivyo basi, neno ambalo mfasiri alilipita kwa wepesi kuliko yote ndilo lililobeba faida iliyo kubwa kuliko zote.

Tunapendekeza uso wa kanieneo sifuri. Ni istilahi ndefu, na hailingani na ufupi wa Kiingereza. Lakini haina njia ya kusomwa vibaya na fundi: atakayeielewa ataielewa sawasawa, na asiyeielewa atauliza. Katika maandishi ya ujenzi, neno linalomfanya mtu aulize ni bora kuliko neno linalomfanya adhani amejua.

Hasara na desibeli

Neno la sita ni hasara ya kupachika. Kiingereza kina istilahi ya maneno mawili, la kwanza likitaja kutia kitu mahali na la pili likitaja upotevu. Mfasiri ameyafasiri yote mawili kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza. Karani wa fedha atakayekuta "hasara ya 3" katika hati ya serikali atauliza nani aliyeisababisha. Tena, kinachotajwa hapa ndicho faida yenyewe: ni tofauti kati ya sauti iliyokuwapo kabla ya ukuta na iliyobaki baada yake. Tunapendekeza upunguo wa ukuta, na tunaomba daima itajwe unalinganishwa na nini. Mwongozo ulisema desibeli 3 zaidi ya ukuta mnyoofu wa kimo hicho hicho. Tafsiri imeacha ulinganisho huo, na ukuta mzima umeonekana kufaa kwa desibeli 3 tu.

Kuhusu desibeli, neno tunalikubali. Hesabu yake ndiyo inayohitaji ulinzi. Katika kurasa za mkutano wa wakazi mfasiri, kwa nia njema ya kurahisisha, aliandika kwamba kwa kichwa cha T "kelele zitapungua kwa nusu". Ni kweli kwamba desibeli 3 ni nusu ya nishati ya sauti. Lakini sikio halisikii nishati kwa namna hiyo. Kwa kadiri ya wasikilizaji wengi, upungufu wa desibeli 3 hutambulika kwa shida, na inahitajika desibeli 10 hivi ndipo mtu aseme kelele zimekuwa nusu. Methali yetu husema haba na haba hujaza kibaba, lakini desibeli hazikijazi kibaba hivyo: lori la desibeli 70 likiongezwa lori jingine la desibeli 70 hatupati 140, tunapata 73. Mwalimu aliyeahidiwa nusu atasubiri nusu. Siku ukuta utakapokamilika, naye akalazimika bado kupaza sauti darasani, hatasema kwamba mfasiri alichanganya nishati na usikivu. Atasema amedanganywa, naye atakuwa na haki.

Maneno yanayostahili kusifiwa

Si haki kukosoa tu. Mfasiri ameandika kivuli cha sauti kwa eneo la nyuma ya ukuta, na tunaliunga mkono neno hilo kwa moyo wote. Kila mtu anajua kwamba chini ya mwembe, ingawa ni kivulini, mtu aweza kusoma gazeti. Kivuli si giza, na hivyo ndivyo hasa ilivyo nyuma ya ukuta. Tofauti ya njia nayo ni istilahi safi, ya wazi, isiyohitaji maelezo. Nusu ya kazi ya mfasiri huyu ilikuwa njema, na nusu iliyoharibika iliharibiwa zaidi na orodha mbaya kuliko na mkono wake.

Hitimisho

Tukiyakusanya, sentensi tuliyoanza nayo inakuwa hivi: "Ukuta wa kukinga kelele wenye kimo cha mita 3, ambao kichwa chake kina umbo la T na uso wa kanieneo sifuri, hupunguza uambaaji wa sauti ukingoni, na upunguo wake huzidi kwa desibeli 3 upunguo wa ukuta mnyoofu wa kimo hicho hicho." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Tumeisoma mara kadhaa tukitafuta la kuondoa, na hatukuona neno ambalo likiondoka fundi au mkazi hatapotea.

Kwa kurasa za mkutano wa wakazi tunashauri sentensi nyepesi: "Kelele zitapungua lakini hazitakwisha, mlio wa matairi utafifia sana, mngurumo wa malori utafifia kidogo, na kichwa cha T kitaongeza nafuu ndogo bila kuuinua ukuta zaidi." Haina namba hata moja, na wala haidanganyi.

Orodha yetu ya zamani tunaiondoa mahali iliposema kizuizi, na tunawaomba wafasiri walio nayo wafute neno hilo kwa kalamu. Kuhusu uambaaji tunangoja maoni. Walimu wa fizikia watuambie kama wanafunzi wanalishika, na wahandisi watuambie kama linawakwaza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ukuta tunaujenga kwa vyovyote. Ufa ulio katika maneno tuuzibe kabla mafundi hawajaanza.